Tairi ikiisha inaenda wapi? Vumbi la Malindi na plastiki tusiyoihesabu

Mwezi uliopita nilimsumbua fundi wangu wa pancha, yule wa nyuma ya stendi hapa Malindi, anitolee tairi mbili za tuktuk za saizi moja na aina moja, moja mpya bado ina vinyweleo vya kiwandani na nyingine kipara kabisa, nyuzi za ndani zimeanza kuchungulia. Tukaenda nazo kwa mama muuza papa na ng'onda pale jirani, ana mizani ya mikono ya zamani, tukatoa sahani zake tukafunga tairi kwa kamba huku moja na huku moja. Ya kipara ikapanda juu. Mama, bila kuambiwa, akaanza kuongeza vipande vya papa mkavu upande ule mwepesi, kimoja, viwili, cha tatu akakikata nusu, hadi mkono ukakaa sawa. Kisha akauliza swali ambalo mimi nimelikuta kwenye makaratasi ya wataalamu limezungushwa weee kurasa kumi: "Haya, papa wangu huyu ndo kiasi kilotoka kwa hiyo tairi. Sasa kiko wapi?"

Fundi akacheka. "Kiko Lamu Road, mama."

Na ni kweli, kiko Lamu Road, barabara ya hapa hapa Malindi, ila kwa siku chache tu mpaka mvua ije ama upepo ukipeperushe, na baada ya hapo hakuna anayekiulizia. Hilo ndo linalonikera. Sisi watu wa pwani hii plastiki tunaiongelea sana, yaani pengine kuliko watu wengi Afrika. Majuala yalipigwa marufuku Kenya nzima Agosti 2017, chupa na vikombe vya kutumia mara moja vikakatazwa kwenye hifadhi zote Juni 2020, na hifadhi yetu ya bahari hapa ipo tangu 1968. Wenzetu wa Lamu wakaunda jahazi zima la plastiki, Flipflopi, lenye ndara kama elfu thelathini, likasafiri mpaka Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Safi sana, sina neno. Lakini hebu angalia hiyo orodha: juala, chupa, ndara, vyote ni vitu unavyoweza kuinama ukaviokota. Kile kilichotoka kwenye tairi ya tuktuk hakiokotwi, na hoja yangu leo ni kwamba tatizo si udogo wake peke yake. Hata vyombo tunavyotumia kukitafuta viliundwa kutafuta kitu kingine, kwa hivo tunakikosa, halafu tunasema hakipo.

Twende polepole. Neno maikroplastiki lilishika kasi mwaka 2004 mtaalamu wa Uingereza, Richard Thompson, alipochapisha na wenzake utafiti wa mchanga na maji ya bahari kule kwao, na siku hizi wengi wamekubaliana ni chembe yoyote ya plastiki chini ya milimita 5. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya vipande vya rangi rangi, bluu, nyekundu, nyeupe, vinaelea juu ya maji. Tairi haiko kwenye picha hiyo manake watu wanasema mpira ni mpira, unatoka kwenye mti. Unatoka kwenye mti ndio, lakini kiasi tu. Tairi ya gari ndogo nusu ya mpira wake ama zaidi ni wa kutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta, wenye staireni na butadieni, halafu humo ndani kuna masizi meusi ya kaboni, salfa, oksidi ya zinki, mafuta, na kemikali za kuzuia mpira usipasuke kwa jua. Hiyo ikisagika barabarani wataalamu wengi wanaiweka kwenye hesabu ya maikroplastiki, na mimi naona wako sawa.

Sasa takwimu. Ile inayotajwa sana ni ya mwaka 2017 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kwamba asilimia 28 ya maikroplastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni chembe zinatokana na tairi, ya pili nyuma ya nyuzi za nguo zinazotoka tunapofua. Mwaka huo huo kukatoka hesabu nyingine ya Kole na wenzake: wastani wa dunia ni gramu 810 za tairi kwa kila mtu kwa mwaka, Marekani kilo 4.7, India gramu 230. Watu wanazitaja hizi namba kama vile kuna mtu alizunguka dunia na ufagio. Hakuna. Ni hesabu ya mezani: chukua idadi ya magari, zidisha na kilomita yanazotembea, zidisha na gramu zinazotoka kwa kila kilomita, gawanya kwa watu. Si vibaya, inakupa picha, lakini zile gramu kwa kilomita nyingi zilipimwa kwenye lami za Ulaya na Marekani kwa magari ya kule. Njoo nazo Malindi uone. Hapa gurudumu ni dogo kama sinia, kwa hivo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita moja kuliko la gari, limebeba abiria wanne na gunia la nazi, limejazwa upepo nusu, linapita lami, kabro na kokoto ndani ya safari moja ya kwenda Maweni, na kila baada ya hatua kuna tuta na kuna breki. Mtu akiniletea namba ya Malindi aliyoipata kwa kuzidisha namba ya Sweden nitamkaribisha chai, namba yake siichukui.

Kwa hivo inabidi upime vumbi lenyewe, na hapo ndo utamu ulipo.

Njia ya kawaida inaenda hivi. Unafagia kipande cha barabara kilichopimwa, au unachota tope la mtaro, unaweka kwenye chombo cha glasi ama cha chuma, kamwe usitumie cha plastiki, na ukiwa mtu makini unavaa nguo ya pamba manake shati la poliesta linamwaga nyuzi kwenye sampuli yako mwenyewe. Unakausha, unachekecha. Unamwagia haidrojeni peroksaidi, ile ile dawa ya kuosha vidonda ila kali zaidi, ili iyale majani na vitu vya asili. Halafu unatia maji ya chumvi nzito: mchanga unazama, plastiki inaelea, unakusanya kilichoelea, unachuja, unaweka chini ya maikroskopu, na mwisho unapiga kila chembe kwa miale ya infraredi, kwa sababu kila polima inanyonya miale kwa namna yake na mashine inakuambia hii ni nailoni, hii ni ya chupa, hii ni ya kamba ya nyavu.

Mimi nilijaribu nusu ya kwanza nyumbani. Nilifagia pembeni ya tuta moja karibu na njia ya Casuarina, alfajiri kabla tuktuk hazijaamka, nikajaza kijiko cha supu kama vitatu. Nikakoroga chumvi ya jikoni kwenye maji hadi ikakataa kuyeyuka, nikatia vumbi langu, nikaacha usiku kucha kwenye chupa ya jam. Asubuhi juu kulikuwa na vitu: uzi wa bluu wa sandarusi, kipande cheupe kama ganda la yai ambacho nadhani ni kikombe kilichokanyagwa, majani ya mvinje, mguu wa sisimizi. Ningeishia hapo ningeandika ripoti nzuri kabisa, kwamba barabara za Malindi zimechafuliwa na magunia na vikombe. Lakini mpwa wangu anasoma chuo na aliazima maikroskopu ndogo, nikamwambia hebu angalia kile kilichozama. Kwenye mchanga, katikati ya chembe za matumbawe nyeupe na mawe mekundu, kulikuwa na vitu vyeusi vyenye umbo la soseji ndogo, vimenona katikati na vimechongoka ncha, vimejipaka vumbi la mawe kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Akakibonyeza kimoja kwa sindano. Kikabonyea. Akaachia, kikarudi kama kilivyokuwa. "Ami, hii ni mpira!"

Ulikuwa umezama, na sababu yake inajulikana. Maji yaliyoshiba chumvi ya jikoni yana uzito wa kama gramu 1.2 kwa mililita. Mpira wa tairi peke yake unakaribia hapo hapo, lakini tairi haitoki barabarani peke yake, inasagana na lami na mawe na kubeba madini mgongoni, uzito wake unapanda mpaka 1.5 au hata 2, kwa hivo unazama na mchanga na mtafiti anaumwaga na mchanga. Kuna chumvi nzito zaidi, ya kloridi ya zinki au iodidi ya sodiamu, ila moja ni sumu inayotaka utunzaji na nyingine bei yake haisemeki, na maabara nyingi zenye bajeti ya kubana zinabaki na chumvi ya jikoni. Na hata ukifanikiwa kuifanya ielee hiyo chembe nyeusi, ukaipiga infraredi, yale masizi ya kaboni yaliyomo yanameza miale yote, mashine inarudisha mstari bapa, na mtafiti anaandika haijatambulika. Imepotea mara mbili, mara ya kwanza kwenye chumvi na mara ya pili kwenye mwanga. Kisha jedwali linachapishwa, nyuzi asilimia kadhaa, vipande asilimia kadhaa, na tairi haimo.

Ndo maana nikisoma kwamba mahali fulani tatizo kubwa ni nyuzi za nguo, naangalia kwanza walitumia chumvi gani. Silaumu watafiti wetu. Wameshafanya kazi ya maana, kuna matokeo yaliyochapishwa kuhusu maikroplastiki kwenye hori za Tudor, Port Reitz na hii yetu ya Mida, na kwenye vijidudu vinavyoelea baharini ambavyo samaki wanakula. Nasema tu kwamba nyavu na chumvi ni kama mtego wa samaki, dema halishiki dagaa, na dagaa kukosekana demani haina maana bahari haina dagaa.

Wataalamu wa tairi wenyewe wana njia nyingine: wanaichoma sampuli bila hewa ya oksijeni mpaka ivunjike kuwa gesi, halafu wanapima gesi hizo, kila mpira unaacha harufu yake. Tangu 2017 kuna hata mwongozo wa ISO, shirika la viwango la kimataifa. Inaonekana suluhisho, sivyo? Sasa ilete pwani. Mpira wa kiwandani una alama yake nzuri tu, lakini tairi za malori na mabasi, yale yanayokuja na saruji na mchele kutoka Mombasa na kupita kwenda Garsen na Lamu, sehemu kubwa ya mpira wake ni wa mti, na alama ya mpira wa mti ikichomwa inafanana na ile inayotoka kwenye mimea mingine. Mtaro wetu umejaa majani ya mwembe na mvinje, utatenganishaje? Basi tupime zinki, wanasema, manake kila tairi ina zinki. Sawa, inua kichwa uangalie paa: mabati! Kila mvua bati linamwaga zinki kwenye mtaro huo huo. Hizi zote ni shida ambazo hata Ulaya zipo, ila hapa kwetu zinakuwa nene zaidi, na ndo sababu nasema njia haiwezi kuchukuliwa mzima mzima kama suti ya mtumba na kutegemea itakaa.

Ajabu ni kwamba sindano ya mpwa wangu si mbinu ya kijinga. Kule Charleston, Marekani, utafiti uliotoka 2019 ulitambua chembe za tairi kwa kuangalia rangi, umbo na jinsi zinavyobonyea, na ukazikuta nyingi. Mwaka huo huo San Francisco wakapima maji ya mvua yanayoshuka mitaroni, wakakadiria zaidi ya vipande trilioni 7 vinaingia kwenye ghuba yao kila mwaka kwa njia hiyo, na karibu nusu ya walivyovikuta kwenye maji ya mvua vilikuwa vyeusi vya mpira mpira. Ghuba ilikuwa imechunguzwa kwa njia nyingine kabla. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alikwenda kusimama kwenye mtaro, mvua ikinyesha, na chupa mkononi.

Kuna mtu ataniuliza, haya, na madhara je? Hapa inabidi tuwe waangalifu kwa sababu watu wa mitandaoni wanapenda kutisha. Kilichothibitishwa vizuri ni hiki: kule jimbo la Washington samaki wa salmoni aina ya koho walikuwa wanapanda mito ya mjini kutaga, wanakufa ndani ya saa chache kila mvua ikinyesha, na kwa kama miaka ishirini hakuna aliyejua kwa nini. Mwishoni mwa 2020 ikapatikana. Tairi ina kemikali inaitwa 6PPD, kazi yake ni kuukinga mpira usiliwe na ozoni ya hewani, na inapoukinga yenyewe inageuka kuwa kitu kingine, 6PPD-kwinoni, na hicho kinaua koho kwa kiasi kidogo mno, chini ya maikrogramu moja kwa lita. Lakini salmoni wa aina ya chum, binamu yake kabisa, anaogelea kwenye maji hayo hayo na hafi. Kwa hivo asije mtu hapa akasema changu na tafi wa Malindi wanakufa kwa tuktuk. Kilicho cha kuchukua kwenye kisa kile ni namna walivyofika: walianza na maji ya mtaro yaliyoua, wakayachambua kemikali moja moja wakiondoa, mpaka ikabaki moja. Hawakuanza na orodha ya plastiki.

Malindi ina bahati moja mbaya ambayo kwa mtafiti ni dhahabu. Tuna Sabaki. Kila mtu hapa anajua yale maji mekundu yanayoharibia hoteli biashara, na wengi wanajua udongo ule unatoka bara, lakini fuata mto kurudi nyuma: Sabaki ni Galana, Galana ni Athi, na Mto Nairobi unamwagika ndani ya Athi. Kwa maana nyingine mitaro ya jiji lenye foleni kubwa kuliko yote Kenya inaishia kaskazini ya mji wetu. Yote inafika? Hapana, nyingi itazama njiani kwenye mchanga wa mto, ni nzito kama tulivyoona, lakini mafuriko yanapokuja yanakomba hata hicho kilichozama. Kwa hivo ukichota tope ufukweni Silversands ukakuta tairi, ni ya nani? Ya tuktuk za mtaa wetu wa Kisumu Ndogo ama ya matatu za Nairobi? Pepo zitakusaidia kidogo, kwa sababu wakati wa kaskazi maji ya Sabaki yanasukumwa kuja huku kwetu na kusi ikianza yanapinda kaskazini kuelekea ghuba ya Ungwana, kwa hivo anayechota mara moja kwa mwaka, tena mwezi wowote aliopata nauli, anapata jibu la msimu na kuliita jibu la Malindi.

Na tuna Lamu. Mji wa kale uliowekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, vichochoro ambavyo gari haiwezi kupita hata ukitaka, mizigo mgongoni mwa punda. Siku hizi bodaboda zimeingia kisiwani na wenyewe wanazilalamikia, lakini ndani kabisa ya mji bado ni miguu na kwato. Hewa ya bahari ile ile, jua lile lile, magunia na kamba zile zile. Fagia kichochoro cha Lamu, fagia Lamu Road ya Malindi, wiki moja, kwa ufagio mmoja, chumvi nzito ile ile, na ile tofauti itakayobaki kwenye chembe nyeusi sehemu kubwa ni magurudumu. Kuna watu Ulaya wangelipa pesa nyingi kupata mji wa maelfu ya watu usio na magari wa kulinganisha nao, sisi tunao boti na basi mbali tu.

Mambo ya kufanya hayataki kamati kubwa. Ulaya mwaka 2024 wamepitisha sheria ya Euro 7 ambayo kwa mara ya kwanza itaweka kikomo cha tairi kusagika, hiyo itatufikia kupitia viwanda ikiwa itatufikia. Hapa fundi ananiambia nusu ya tairi anazobadilisha zimekufa mapema, gurudumu halijanyooka ama upepo hautoshi, na dereva anajua ila hana shilingi za kurekebisha leo. Mitaro ya mjini inasafishwa mvua ikishafurika badala ya kabla ya masika, na tope likitolewa linaachwa pale pale ukingoni lirudi. Kule California kitanda cha udongo na mimea kilichowekwa pembeni ya barabara kilizuia zaidi ya asilimia 90 ya chembe hizi, na sisi mchanga, mimea na vijana wasio na kazi tunavyo. Usafi wa ufukweni kila Jumamosi na fulana mpya za poliesta, sawa, endeleeni, picha zinatoka vizuri.

Mimi na mpwa tumeamua tusingoje. Tumekusanya chupa kumi na mbili za jam, tumezichemsha, moja itabaki na maji safi imefunguliwa tu pale pembeni, ituonyeshe uchafu gani tunauleta wenyewe. Mvua kubwa ya kwanza ya masika tutasimama kwenye mtaro unaoshuka baharini, tuchote ile dakika maji yanapoanza kutiririka, kisha kila baada ya dakika kumi. Nilimwambia fundi, akaangalia viatu vyangu, akatikisa kichwa, akaingia ndani akanitolea akala alizochonga mwenyewe. "Chukua hizi, mule mtaroni mna vigae. Hizi tairi ya lori, haziishi."

Nikazigeuza nikaangalia soli. Nyeusi, na kisigino kimeshaanza kusagika. Nikamrudishia nikamwambia ahsante kaka, na hizi ndo siwezi kabisa kuingia nazo, nitashuka miguu mitupu.